Fundi, mbona mfereji wa jikoni unatoa maji kama uzi?

Mwezi huu nilidhani mtaniuliza mambo ya umeme, nikakuta karibu maswali yote ni maji ya jikoni. Sishangai. Bafuni mtu anaoga anasahau, lakini jikoni unasimama pale, sufuria ya ugali imekauka ukoko, maji yanadondoka tu kama mtu anakufanyia makusudi. Nimechagua maswali sita. La kwanza nitalijibu kwa urefu, manake ukilielewa hilo mengine mengi ni watoto wake.

Swali: Habari fundi. Naishi fleti huku Umoja, gorofa ya pili. Mfereji wa sinki umeanza kutoa maji kidogo kama wiki tatu hivi, uzi tu, na tena yanarushwa pembeni yananilowesha nguo. Bafuni na chooni maji yako sawa kabisa. Keateka alileta plamba, akaangalia dakika mbili akasema nahitaji mfereji mpya na pampu ndogo ya kubusti, na kazi yake juu, jumla elfu kumi na nne. Ni kweli ama naibiwa? – Mama wa watoto wawili, Umoja

Fundi: Mama, hiyo elfu kumi na nne ikae kwanza kwa M-Pesa. Jibu umeshanipa mwenyewe bila kujua. Umesema bafuni maji yako sawa, na bafuni na jikoni wanakunywa kwa tangi moja na mara nyingi kwa paipu moja inayoingia nyumbani, sasa kama presha ingekuwa imeisha ingeisha kote. Pampu ingesukuma maji kwa nguvu mpaka mlangoni pa kitu kilichoziba, alafu ikae hapo inanguruma na bili ya stima inapanda. Pili umesema maji yanaruka pembeni. Maji ya presha ndogo huwa yanaanguka wima, yamelegea. Yakiruka pembeni ujue kuna kitu kimeziba upande mmoja pale mdomoni.

Huko mdomoni kuna kidude cha kuzunguka chenye wavu ndani, hadiwea wanakiita ereta, ukisahau jina waambie kile kichujio cha mdomo wa mfereji watakuelewa. Kazi yake ni kuchanganya maji na hewa yatoke laini yasirushe, na wavu wake unashika takataka. Bafuni mfereji wa ndoo hauna hicho kitu, choo hakina, ndiyo maana huko maji yako sawa. Ni hicho tu. Sijaona sinki lako lakini ningekuwa mtu wa kubeti ningeweka pesa hapo.

Na wacha niseme kwa nini hii shida ni ya Nairobi sana. Maji yetu mengi yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, mengine Sasumua na Ruiru na chemchemi za Kikuyu, na huko yakisafishwa ni maji mazuri, laini, hata birika halishiki chokaa. Shida ni mgao. Mtaa wako unapata maji siku fulani fulani, siku zingine laini imekauka. Paipu ya chuma ikikauka, kutu iliyo ndani inapukutika kama ganda la rangi ya ukuta wa zamani, alafu siku ya maji yanakuja kwa kishindo yanasomba hiyo kutu yote, mchanga, vipande vya kila fundi aliyewahi kukata paipu huko njiani, yanaingia kwa tangi la landilodi. Tangi lenyewe halijaoshwa tangu jengo lifunguliwe. Sasa hivyo vyote vinashuka gorofa kwa gorofa vikitafuta wavu wa kukaa. Wavu ni wako.

Sasa fanya hivi. Ziba tundu la sinki na kitambaa kwanza, tafadhali, msiruke hapo, manake hivyo vidude vikianguka kwa siponi, ile paipu iliyopinda chini ya sinki, utaniita kwa kazi nyingine kabisa. Funga mfereji. Shika hicho kichujio na mkono mkavu, ukiangalia kutoka chini kuelekea juu unazungusha kinyume cha saa. Kikikataa, funika na kitambaa alafu ushike na praizi ama spana malaya (msinicheke, ndiyo jina lake), lakini pole pole, ukiminya sana kinakuwa yai na hakirudi tena. Kikitoka utaona kinaachana vipande, kimpira cheusi, wavu, na kiplastiki chenye vitundu vidogo. Vipange kwa mstari vile vilivyotoka na upige picha na simu. Kila mtu hudhani atakumbuka. Hakumbuki.

Kabla hujaosha chochote, fungua mfereji hivyo hivyo bila kichujio, maji yaende kwa beseni. Hapa ndipo ukweli wote uko. Maji yakitoka kwa nguvu, umemaliza, shida ilikuwa kichujio. Yakitoka vile vile uzi, basi shida iko nyuma na tutaifuata. Kama unataka kupima vizuri usiende na macho, macho hudanganya, chukua chupa ya soda ya nusu lita uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 5 hivi, hizo ni lita 6 kwa dakika, jikoni zinatosha kabisa. Ikichukua sekunde 15 unapata lita 2 tu kwa dakika na una haki ya kulalamika.

Kile utakachokuta kwa wavu pia kinaongea, usikimwage bila kukiangalia. Vipande vya kahawia vinavyovunjika ukivisugua na kidole ni kutu. Mchanga ni mchanga. Ukiona unyoya mweupe mwembamba kama ngozi ya kitunguu, hiyo ni tefloni, ile tepu mafundi hufunga kwa nati, na inamaanisha kuna mtu alifanya kazi hivi karibuni na akafunga nyingi mpaka ikaingia ndani. Vinyweleo vya plastiki ya kijani ni paipu ya PPR iliyokatwa na msumeno badala ya mkasi wake, na haikupulizwa kabla ya kuunganishwa. Kama ni ukoko mweupe mgumu unaokwaruza, basi jengo lenu linachanganya na maji ya kisima, angalia ndani ya birika, utaona ndugu yake hapo.

Kutu na mchanga utatoa na mswaki mzee na maji, ukisugua kutoka upande wa nje kuelekea ndani ili uchafu urudi vile uliingia. Ukoko mweupe weka kwa kikombe cha siki ukae saa moja, alafu mswaki. Rudisha vile picha inaonyesha, kaza na mkono tu, kimpira ndicho kinazuia kuvuja si nguvu zako. Wavu ukiwa umetoboka nunua kingine, nenda nacho hadiwea mkononi upime, manake nati za ndani na za nje haziingiliani na hakuna muuzaji atakayekurudishia pesa.

Nami niseme langu. Miaka yangu ya kwanza kwa hii kazi niliitwa nyumba moja ya mwalimu mstaafu, malalamiko ni kama ya huyu mama. Nikang'oa mikisa nzima, ule mfereji wa kuchanganya maji baridi na ya moto, nikamnunulisha nyingine, nikalala chini ya sinki saa mbili shingo imepinda, nikafunga, nikafungua maji kwa madaha. Yakatoka mazuri. Jioni nikiwa nyumbani nikafungua ile mikisa nzee niliyobeba nikiwaza kuiuza kwa vyuma chakavu, mdomoni nikapata kipande cha tefloni kimekaa kama kofia. Tefloni yangu mwenyewe, nilimfungia paipu mwezi uliotangulia. Nilirudisha pesa ya kazi. Ya mikisa sikuwa nayo.

Kwa hivyo huyo plamba wako labda si mwizi, labda ni mvivu tu wa kuanzia mdomoni.

Na kama bila kichujio bado ni uzi? Inama chini ya sinki. Kuna valvu ndogo ukutani na paipu ya flexi inayopanda kwa mfereji. Hakikisha valvu imefunguliwa mpaka mwisho, nimeshaitwa mbali nikakuta imefungwa nusu na msichana wa kazi akisukuma ndoo ya mop. Kama iko wazi, ifunge, weka beseni, fungua nati ya flexi upande wa juu, elekeza mdomo wake kwa ndoo, alafu fungua valvu pole pole. Maji yakija kwa nguvu kwa ndoo, basi ugonjwa uko ndani ya mfereji wenyewe. Yakija kidogo, funga, toa flexi yote uangalie kama imekunjwa ama mpira wa ndani umefura. Huwezi kuona kutoka nje, pitisha waya ama upulize. Kama flexi ni safi basi ni valvu ya ukutani, na hapo ndipo uite mtu, manake kuifungua hiyo lazima kwanza maji ya nyumba yafungwe, na keateka ndiye anajua wapi.

Ndani ya mfereji, ukiwa ni ule wa kuzungusha mara nyingi, kuna washa, kile kimpira cha duara kinachoziba maji ukifunga. Mafundi wengine wa mtaani wanakata washa kwa tyubu ya gari, inazuia kuvuja kweli, lakini ikiwa nene sana haiinuki vya kutosha na maji yanapita kwa aibu. Washa ya kununua ni pesa ya mandazi. Ukiwa ni ule wa kugeuza robo tu, ndani kuna katriji ya vigae viwili vinavyosuguana, mchanga ukiingia pale tundu linapungua, unaitoa unaisuuza, ikiwa imekwaruzika unabadilisha katriji peke yake, si mfereji wote.

Swali: Fundi, mimi ni mzee wa Buruburu, nyumba ni yangu tangu ilipojengwa, paipu zote ni za chuma. Nikifungua mfereji wa jikoni maji yanakuja kwa nguvu sekunde chache tu halafu yanapungua, asubuhi yanakuwa na rangi ya chai. Nimesafisha kila kitu mdomoni. Kijana mmoja ameniambia nigonge paipu na nyundo kutu itoke.

Fundi: Shikamoo mzee. Hiyo nyundo mrudishie. Paipu ya chuma ya miaka hiyo kutu ndiyo imebaki inaishikilia pale kwa maungio, ukigonga utapata maji mengi sana jikoni, lakini kwa ukuta.

Ile dalili ya nguvu sekunde chache alafu kupungua ni ya njia nyembamba. Mfereji ukiwa umefungwa, presha inajikusanya taratibu mpaka inalingana na ya nje, ukifungua inajitoa mara moja, baadaye yanapita yale tu tundu linaruhusu. Ndani ya hizo paipu kutu inajenga vichuguu, nimeshakata paipu ya nusu inchi nikakuta tundu lililobaki haliingizi kalamu ya Bic. Nilimpelekea mwenye nyumba kipande akakiweka juu ya kabati ya televisheni kuonyesha wageni.

Lakini mzee kabla hujabomoa ukuta nenda kwa geti valvu ile iko karibu na mita. Hizo zina ulimi wa shaba ndani unaopanda na kushuka, na zikizeeka ulimi unakatika kutoka kwa mkono wake, wewe unazungusha gurudumu ukidhani umefungua, kumbe ulimi umebaki umening'inia katikati ya njia. Dalili zake ni hizo hizo zako isipokuwa rangi ya chai. Ukibadilisha weka ball valvu ya mkono wa robo mzunguko, hiyo ama iko wazi ama imefungwa na unaona kwa macho. Pia kwa mita yenyewe upande wa kuingia huwa kuna kichujio kinachoziba mchanga, lakini hapo usifungue wewe wala mimi, ile sili si yetu, piga simu kwa wenye mita waje.

Kama geti valvu ni nzima, basi ni paipu, na sina dawa ya kumwaga ndani ikasafisha kutu ya miaka arobaini na kitu. Lakini si lazima ubadilishe nyumba nzima kwa siku moja. Piga laini mpya ya PPR kutoka kwa tangi mpaka jikoni peke yake, ipite nje ya ukuta, na mtafute fundi anayejua mashine ya kuchoma. Akiichoma sana ama akisukuma ndani kupita kiasi, plastiki inayeyuka inafanya pete ndani ya kila kiungo. Paipu ya milimita 20 nene ya kawaida tundu lake ni milimita 13 na kidogo, ukiweka pete kumi humo ndani umerudi ulikotoka, sema tu sasa ni ya kijani. Simama hapo ukimwangalia. Viungo viwili vya kwanza mwambie akuonyeshe ndani.

Swali: Niaje fundi, niko Pipeline, gorofa ya mwisho juu. Nimetoa ereta, nimesafisha, nimenunua hadi mikisa noma ya shingo ya kuvuta, bado maji ni machozi. Jamaa wa chini kabisa maji yake yanaweza osha gari. Tangi liko juu ya paa, juu yangu kabisa, si mimi ndio ningepata mengi? – Kijana wa gorofa ya sita

Fundi: Kijana, kila mtu wa gorofa ya juu hufikiria hivyo, ati nimekaribiana na tangi. Maji ya tangi hayasukumwi na kitu chochote ila uzito wao wenyewe, na uzito unatokana na kimo. Kila mita 10 za kushuka zinakupa kama bar 1, bar ndiyo kipimo cha presha. Tangi likiwa mita 2 juu ya mfereji wako, una bar 0.2, basi. Jamaa wa chini, hesabu gorofa tano hivi chini yako za mita 3 kila moja, ana mita 17, ndiyo hiyo bar 1.7 na anaosha gari.

Sasa hiyo mikisa noma ndiyo imekumaliza. Soma boksi lake kama bado unalo, hizo za shingo ya kuvuta nyingi zinataka presha kubwa kidogo, na ndani ya shingo kuna kapaipu kembamba kama mrija, na kichujio chenye kizuizi cha kupunguza maji. Ni mfereji wa nyumba yenye pampu. Kwako wewe mfereji mzuri ni ule wa kawaida wa shingo ndefu, tundu kubwa, wa kugeuza robo. Najua hauna sura. Iuze hiyo mikisa kwa mtu wa gorofa ya kwanza.

Jaribu pia hivi, pima chupa ya nusu lita saa kumi na mbili asubuhi, alafu pima saa nane mchana watu wakiwa kazini. Mchana ikiwa nzuri na asubuhi mbaya, basi mnagawana paipu moja nyembamba ya kushuka, na watu wa chini wakifungua wote wanakunyang'anya, nimeona mpaka mfereji wa juu unavuta hewa ndani unafanya fyuuu. Hapo dawa ni ya landilodi, paipu ya kutoka kwa tangi iwe inchi moja ama zaidi badala ya kuanza na nusu inchi. Kutoka nusu kwenda robo tatu peke yake inapitisha zaidi ya mara mbili. Kupandisha tangi kunasaidia lakini si vile watu wanafikiria, ukiliinua mita 1 zaidi kutoka hizo 2 unapata maji zaidi kama moja ya tano, na stendi ya chuma ya kubeba tani nzima ya maji si ya kuchomelewa na mtu yeyote tu.

Angalia na mfuniko wa tangi. Kuna keateka mmoja alikuwa amefunga tangi na nailoni na kamba kuzuia vumbi, hewa haiingii, maji yakishuka tangi linavuta kama mtoto anayenyonya chupa bila kuachia. Tulikata kamba, gorofa nzima ikapiga makofi.

Pampu kwako wewe inaweza kusaidia, tofauti na yule mama wa Umoja, lakini ivute kutoka kwa tangi. Mtu asikushauri kuifunga kwa laini ya barabarani. Laini ikiwa na presha ndogo pampu inavuta chochote kilicho karibu na kila ufa wa paipu, na nyie mnajua mitaro ya Pipeline ina nini.

Swali: Dada wa Ruaka hapa. Jikoni maji baridi yanatoka poa, ya moto ndiyo kidogo, lakini maji ya moto bafuni ni mengi. Nikifungua zote mbili kwa mikisa ya moto yanakuwa hayapo kabisa.

Fundi: Dadangu, kwa sababu bafuni ni mengi, hita si mshtakiwa. Kwanza ile flexi ya upande wa moto chini ya sinki, hizo zinakufa mapema kuliko za baridi kwa sababu ya joto, mpira wa ndani unajikunja unaziba. Ibadilishe hata bila kuichunguza, ina miaka mingapi hapo? Alafu ile ya kuyeyuka kabisa ukifungua zote mbili inaniambia maji baridi yenu yana pampu na ya moto yanashuka tu kwa uzito wake. Ndani ya mikisa wanakutana kama matatu na baiskeli. Punguza valvu ya baridi chini ya sinki mpaka zilingane, hiyo ni ya leo na haigharimu kitu. Ya kudumu ni zote mbili zitoke kwa chanzo kimoja, na noni ritani, ile valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, iwekwe kwa laini ya moto, manake saa hii kuna uwezekano baridi inapanda huko kwa hita kupitia jikoni kwako.

Swali: Tangi letu liliisha maji siku mbili, boza likaja likajaza. Sasa bafuni yamerudi lakini jikoni mfereji unakohoa tu, puh puh, alafu kimya. South B.

Fundi: Hewa. Paipu ya jikoni kwenu bila shaka inapanda mahali alafu inashuka, labda inapita juu ya mlango, na hewa imekaa pale kwa nundu. Toa kichujio, fungua mifereji yote ya nyumba nusu nusu ukianza na wa chini kabisa, acha dakika kumi. Ikikataa, chukua kipande cha hosi kinachobana vizuri mdomo wa mfereji uvute na mdomo, vile watu wa boda huvuta petroli, ila hapa ukimeza ni maji. Mimi huwa napuliza kwanza kurudisha ile hewa kwa tangi alafu navuta, mara tatu nne inaachia na unasikia ikinguruma ndani ya ukuta.

Na kwa wote ambao tangi limekauka likajazwa, ama ni siku ya mgao kurudi, usikimbilie kufungua jikoni. Fungua mfereji wa nje ama wa bafuni usio na wavu, uache mpaka ile rangi iishe, hayo maji yaoshe veranda. Jikoni iwe ya mwisho.

Swali: Fundi, rafiki yangu amesema asidi ya betri inasafisha ereta haraka kuliko siki. Na pia nimeona bila ereta maji ni mengi zaidi, naweza kuiacha tu nje?

Fundi: Asidi ya betri itasafisha, na itasafisha pia ile rangi ya kung'aa ya mfereji, mpira, na ngozi yako. Na hicho kitu kinakaa mdomoni mwa maji ya kunywa. Siki.

Kuiacha nje unaweza, hakuna askari atakuja. Maji yatarusha mpaka kwa dirisha, utatumia mengi kuosha sahani ile ile, na zile kutu nilizosema badala ya kukaa kwa wavu zitakaa kwa chai. Kama gorofa yako ni ya juu kama ya yule kijana, sawa, iache, unahitaji kila tone. Wengine nunueni mbili, moja ikiwa kwa siki nyingine iko kazini. Na kile kimpira cheusi usikitupe ukidhani ni uchafu, utarudisha kila kitu bila hicho alafu uniandikie tena mwezi ujao ati sasa inavuja.